Jina la Kupanga: Kwa Nini Timu za Baiskeli Hufa Zikiwa Zinashinda

Mwisho wa msimu wa 2025 ulikuwa kama matanga ya mfululizo kwa wapenzi wa mbio za baiskeli za barabarani. Arkéa-B&B Hotels, timu ya mkoa wa Bretagne iliyodumu miaka 20, ilifunga virago baada ya wadhamini wake wawili kukataa kuongeza mikataba. Lotto na Intermarché-Wanty, timu mbili za Ubelgiji zilizozoea kutupiana macho ya uhasama, zikaungana kuwa moja kwa sababu hesabu zilikataa kila moja iende peke yake. Premier Tech, kampuni ya Kanada, ikaondoa jina lake na pesa zake kwenye timu ya Israel-Premier Tech. Tangu hapo nimesoma maelezo ya aina mbili. Ya kwanza yanasema mchezo umefilisika. Ya pili yanawalaumu wadhamini: huja kwa mbwembwe, hupigwa picha na mabingwa, kisha huondoka bila hata kuaga.

Yote mawili yanapotosha. Pesa zilizomo kwenye mchezo huu leo ni nyingi kuliko wakati wowote: wastani wa bajeti za timu 18 za daraja la juu, WorldTour, unakadiriwa kupita euro milioni 30 kwa mwaka, na UAE Team Emirates ya bingwa Tadej Pogačar inatajwa kuwa juu ya milioni 50. Tatizo liko kwenye bidhaa. Timu ya baiskeli ina kitu kimoja tu cha maana cha kuuza, nacho ni jina lake lenyewe. Na anayeuza jina lake kila baada ya miaka mitatu hawezi kujijengea mali yoyote inayobaki. Ndiyo maana ushindi haumwokoi. Mara nyingine ndio unaomzamisha.

Tuangalie kwanza mapato yanatoka wapi, maana shabiki aliyezoea soka huingia kwenye baiskeli na dhana zisizo na mahali pa kukaa. Uwanja wa mchezo huu ni barabara ya umma, na mlima hauna geti la kukatia tiketi. Haki za matangazo ya televisheni ni mali ya waandaaji: ASO ndiyo yenye Tour de France, RCS Sport ndiyo yenye Giro d'Italia, na timu hazigawiwi fungu humo. Timu inayokwenda Tour hupewa posho ya takriban euro 50,000 kusaidia gharama, basi. Soko la kununua na kuuza waendeshaji lipo kwa kiasi kidogo. Kwa desturi mtu humaliza mkataba wake akahama bure, ingawa hilo limeanza kubadilika, na Remco Evenepoel aliyeondoka Soudal Quick-Step mwaka mmoja kabla ya mkataba kwisha ni mfano. Jezi nazo hazinunuliwi kwa wingi, kwa sababu nani anunue jezi ambayo mwakani itakuwa na jina na rangi nyingine? Kinachobaki ni mdhamini, na mdhamini ndiye hulipa karibu kila kitu: mishahara, basi, lori la mafundi, hoteli, mpishi, hadi gundi ya matairi.

Biniam Girmay wa Eritrea anaweza kutuonyesha hesabu hii kwa namba. Julai 1, 2024, mjini Turin, akiwa Intermarché-Wanty, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua, yaani mbio za siku moja, ya Tour de France. Akaongeza hatua nyingine mbili na kufika mwisho akiwa na jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi. Dunia nzima ilizungumza. Sasa fungua daftari: mshindi wa hatua hupewa euro 11,000, kwa hiyo hatua tatu ni 33,000, jezi ya kijani ni 25,000. Jumla 58,000, ukiacha vijizawadi vya mistari iliyowekwa katikati ya hatua. Kwa desturi ya mchezo, pesa hizo hutiwa kwenye kapu moja wakagawana wenzake na wahudumu wa timu. Kima cha chini cha mshahara wa mwendeshaji mmoja aliyeajiriwa katika daraja hilo ni zaidi ya euro 40,000 kwa mwaka. Yaani Julai bora kabisa katika historia ya Intermarché-Wanty ililipa, kwa upande wa zawadi, mshahara wa mtu mmoja wa mwisho kwenye orodha na chenji kidogo. Hata Tour yenyewe, kwa waendeshaji wote na kwa wiki zote tatu, hutoa zawadi za jumla ya euro milioni 2.3 hivi, na bingwa huchukua 500,000. Mwaka mmoja na nusu baada ya Turin, Girmay alikuwa amevaa jezi nyingine na timu yake ilikuwa imemezwa kwenye muungano.

Watu husema hiyo ni bahati mbaya. Mbona basi inajirudia? Mwaka 2011 Mark Cavendish alishinda hatua tano za Tour pamoja na jezi ya kijani akiwa HTC-Highroad, timu iliyokuwa ikishinda kuliko nyingine zote kwa miaka kadhaa. Agosti ya mwaka huohuo mmiliki wake, Bob Stapleton, akatangaza kwamba inavunjwa, mdhamini amekosekana. Mwaka 2017 Rigoberto Urán alimaliza Tour wa pili nyuma ya Chris Froome kwa sekunde 54. Mwezi uliofuata timu yake, Cannondale-Drapac, iliwaambia waendeshaji wako huru kutafuta pengine, kisha ikaanza kuchangisha mashabiki mtandaoni kabla EF Education First haijaingia kuiokoa. Halafu ukaja mwaka 2023. Jumbo-Visma ilifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na timu yoyote, kushinda mbio zote tatu kubwa za wiki tatu, Giro, Tour na Vuelta ya Hispania, katika msimu mmoja kwa waendeshaji watatu tofauti, Roglič, Vingegaard na Kuss. Wiki moja tu baada ya Vuelta kumalizika habari zikavuja kwamba timu hiyo inafanya mazungumzo ya kuungana na Soudal Quick-Step. Duka la Jumbo, mdhamini wake, lilikuwa linaondoka. Muungano ule haukufanikiwa, lakini kule kufikiriwa tu kulitosha kuonyesha hali ilivyo.

Sababu yake ni rahisi mtu akishaiona. Katika michezo mingi ushindi huongeza mapato: zawadi, fungu la televisheni, viingilio. Katika baiskeli ushindi huongeza gharama. Kijana aliyekuwa akilipwa kidogo anashinda, bei yake inapanda, wenzake waliomvuta hadi kwenye mstari nao wanapanda, na timu tajiri zinabisha hodi. Mdhamini aliyesaini mkataba wa miaka mitatu kwa kiasi fulani hawajibiki kuongeza hata senti. Timu imepata sifa, lakini ni kilemba cha ukoka.

Kwa nini basi makampuni hulipa kabisa? Subiri hatua ambayo mtu anafika peke yake, umtazame kwenye mita 200 za mwisho. Amekaa juani saa tano, jasho limekauka kuwa chumvi begani, jezi imefunguliwa hadi kitovuni. Kabla hajainua mikono anashuka kwa vidole kutafuta zipu, anaipandisha hadi shingoni, ananyoosha kitambaa kifuani. Ndipo anasherehekea. Mtu aliyechoka kiasi kile hafikirii unadhifu. Anafikiria herufi zilizoandikwa kifuani, maana zikikunjamana picha ya kesho gazetini haitakuwa na thamani kwa aliyeilipia. Na kwa nini timu ndogo hurusha mtu mbele kila asubuhi ilhali kila mmoja anajua kundi litamkamata kilomita kumi kabla ya mwisho? Hizo ni saa nne za kamera kumwonyesha mtu aliyevaa tangazo. Mtangazaji hana njia ya kusimulia mbio bila kulitaja jina la duka, la benki au la kampuni ya bahati nasibu. Ni michezo michache mikubwa inayompa mdhamini kitu hicho. Kwenye soka jina lake limo kifuani, lakini mtangazaji husema jina la klabu.

Hali hii ina historia. Tour yenyewe ilizaliwa mwaka 1903 ili kuuza gazeti, L'Auto. Kwa miongo ya mwanzo waliolipa timu walikuwa watengenezaji wa baiskeli. Henri Desgrange, mwanzilishi, aliwachoka kwa hila zao, na mwaka 1930 akawafukuza, akaweka timu za mataifa zikiendesha baiskeli zilizotolewa na gazeti. Gharama ikawa juu yake. Akabuni msafara wa matangazo unaotangulia mbio, makampuni yakilipa ili yapite mbele ya umati, na msafara huo upo hadi leo. Tazama nani alipata mapato hayo: mwandaaji. Timu za makampuni ziliporudi rasmi Tour mwaka 1962, mwandaaji alikuwa tayari na biashara yake, na timu zikaja na ya kwao. Kule Italia mlango ulikuwa umefunguliwa mwaka 1954, pale viwanda vya baiskeli vilipodorora kwa sababu watu wamehamia pikipiki na magari, na mwendeshaji Fiorenzo Magni akaleta pesa za Nivea, kampuni ya vipodozi isiyohusika na baiskeli hata kidogo. Waandaaji walipiga kelele. Miaka michache baadaye kila mtu alikuwa anatangaza soseji, vinywaji na majiko.

Hapo ndipo bidhaa ilipopata umbo lake, na haijabadilika. Timu inayoitwa Movistar leo ilianza kama Reynolds mwaka 1980, ikawa Banesto na kushinda Tour tano mfululizo kwa miguu ya Miguel Induráin, ikapita kwenye Illes Balears na Caisse d'Epargne. Ni ofisi ileile, meneja Eusebio Unzué yuleyule. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kweli Unzué amekuwa mhunzi wa kupigiwa mfano. Lakini niliwahi kujaribu kumweleza rafiki yangu mpenda soka kwamba hiyo ndiyo klabu ya Induráin, akanitazama kama ninayemweleza ukoo wa mbali. Historia yote ile haikuweza kushikwa na jina lolote.

Wanaodai dawa ni kugawana pesa za televisheni wana hoja nzito, sitaki kuipuuza. Ni kweli kwamba bila timu hakuna mbio za kuonyesha. Ni kweli pia kwamba fungu la uhakika, hata dogo, lingeipa timu kitu cha kupeleka benki. Mradi wa One Cycling, uliokuwa na timu kadhaa pamoja na fedha za Saudi Arabia nyuma yake, ulijengwa juu ya wazo la karibu na hilo, kwamba waandaaji na timu wafanye biashara moja. UCI, chombo kinachosimamia baiskeli duniani, kiliukataa Juni 2025. Lakini fanya hesabu ya mfano tu. Tuseme ASO, kwa ukarimu usio na kifani, ikubali kutoa euro milioni 40 kila mwaka. Ukizigawa kwa timu 18, kila moja inapata milioni mbili na ushee. Kwa timu yenye bajeti ya milioni 30 hiyo haifiki asilimia nane. Ingemlipa nyota mmoja. Na kwa kuwa kila timu ingepata kiasi kilekile, kuna uwezekano mkubwa pesa hizo zingeishia kupandisha mishahara ya nyota walewale kabla msimu haujaisha. Tofauti na soka la Ulaya, hapa keki yenyewe ni ndogo: tukio moja kubwa la Julai, matukio machache ya wastani, na mbio nyingi ambazo mwandaaji anashukuru Mungu zisipomtia hasara.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ambayo cha ajabu ndiyo inayosikika zaidi, ni ile ya wadhamini wasio waaminifu. Ukweli uko kinyume. Lotto ya Ubelgiji imekuwa kwenye mchezo huu tangu 1985. FDJ ya Ufaransa na Cofidis zote ziliingia 1997 na zingali zipo, zikipita katikati ya kashfa ya dawa za kuongeza nguvu ya timu ya Festina mwaka 1998 na zote zilizofuata. Rabobank iliondoka Oktoba 2012, baada ya ripoti iliyomwanika bingwa Lance Armstrong kwa kutumia dawa hizo, ikisema haiamini tena kwamba mchezo unaweza kuwa safi. Ilikuwa imekaa miaka 17. Matangazo mangapi ya biashara hudumu miaka 17? Tena mdhamini huondoka mara nyingi kwa sababu amefanikiwa. Alikuja watu wajue jina lake, wamelijua, kila euro ya ziada inanunua kidogo kuliko ile ya jana. Kumlaumu ni sawa na kumlaumu mpangaji kwa kuhama mkataba ulipokwisha. Swali ni kwa nini mwenye nyumba hajawahi kuwa na nyumba.

Wapo wenye busara zaidi wanaosema timu ziwe na majina ya kudumu, ya mji au ya klabu, na mdhamini aandikwe kifuani kama wengine. Wazo linapendeza, na miaka ishirini kutoka sasa huenda likazaa matunda. Ila mwaka wa kwanza tu wa kulitekeleza mdhamini atauliza: kama mtangazaji hatalitaja tena jina langu, kwa nini nilipe bei ileile? Atakuwa sahihi. Timu inayotaka kuanza kujenga jina lake itabidi ikubali pato kushuka leo kwa ajili ya mali ya kesho, huku jirani yake akiendelea kuuza kila kitu na kumchukulia waendeshaji. Hakuna meneja anayeweza kuwa wa kwanza. Ukomo wa bajeti, ambao UCI imekuwa ikiuchunguza, ungesaidia kidogo kwa kuwapunguzia matajiri kasi, lakini hauleti mapato kwa yeyote.

Wakati mjadala huo ukiendelea, soko limeshajiamulia. Mdhamini anaacha kupanga jina, ananunua jengo zima. INEOS, kampuni ya kemikali, ilifanya hivyo mwaka 2019 kwa kuichukua Team Sky. Red Bull ilinunua asilimia 51 ya timu ya Bora-Hansgrohe mwaka 2024. Decathlon, duka la vifaa vya michezo, iliichukua timu ya AG2R iliyoanzishwa na Vincent Lavenu na sasa imemleta CMA CGM, kampuni ya meli za makontena, kama mshirika wa jina. Lidl imechukua sehemu kubwa ya umiliki wa Lidl-Trek. Pembeni yao zipo timu zinazobebwa na serikali au taasisi zake, kutoka Abu Dhabi hadi Bahrain. Kwa timu hizo hatari ya mdhamini kuondoka imepungua, maana mwenye mali hakimbii mali yake kirahisi. Haijaisha, hata hivyo. Kwenye Giro ya 2009 timu ya Astana, ikibebwa na fedha za Kazakhstan, iliendesha ikiwa na jezi ambazo majina ya wadhamini yalikuwa yamefifishwa hadi karibu kutoonekana, Armstrong akiwa mmoja wa waendeshaji wake, kwa sababu mishahara ilikuwa haijalipwa. Sijui mgomo mwingine uliomgusa mwajiri pabaya kuliko huo: walimnyima kile hasa alichokuwa amekinunua.

Kadhia ya Israel-Premier Tech nayo isomwe hivyohivyo. Kwenye Vuelta ya 2025 waandamanaji wanaounga mkono Wapalestina walisimamisha mbio mara kadhaa. Bilbao hatua iliisha bila mshindi, na Septemba 14 mjini Madrid hatua ya mwisho ilikatishwa. Katikati ya mbio timu iliondoa neno Israel kwenye jezi. Ni sawa kubishana kuhusu siasa zake, na watu wataendelea kubishana. Kibiashara, timu iliyokuwa imeweka jina la nchi kifuani iligundua kwamba bidhaa yake pekee haiuziki, na mdhamini mwenza hakuwa na sababu ya kubaki karibu na moto ambao hakuuwasha. Haikuwa na jina la akiba la kurudia. Ikabidi izaliwe upya: leseni ya Uswisi, makao Hispania, wenye mali wapya akiwemo mwanasoka Andrés Iniesta kupitia kampuni ya NSN.

Wanaoumia ni wa katikati. Leseni 18 za WorldTour zimetolewa kwa miaka 2026 hadi 2028, na mwishoni pointi za miaka mitatu ndizo zitaamua nani abaki. Ukiwa meneja wa timu ya bajeti ya wastani, unakaa mezani na kampuni inayotaka mkataba hadi 2030, nawe huwezi kuiahidi kwamba 2029 utakuwa Tour kwa haki yako badala ya kusubiri mwaliko. Kwa hiyo unatuma waendeshaji wako kwenye mbio ndogo za mwezi Februari kuokota pointi, mahali ambapo kamera hazipo, ili uwe na haki ya kuuza muda wa kamera wa Julai. Na kila ukipata kijana mzuri, unajua utakuwa naye hadi mkataba wake wa kwanza uishe. Nategemea miungano mingine kabla ya 2028, na kila muungano wa timu mbili zenye waendeshaji karibu 30 kila moja huacha nusu yao nje, pamoja na mafundi, wachuaji na madereva ambao habari zao haziandikwi.

Tour ya 2026 inaanza Julai 4 mjini Barcelona, kwa timu kushindana na saa. Ni hatua ya nadra ambamo kikosi huonekana pamoja, jina moja kwenye vifua vyote. Girmay yuko NSN sasa. Muda wao utakapotokea kwenye skrini, mtangazaji atalazimika kusoma herufi tatu ambazo mashabiki waliomshangilia Turin hawakuwahi kuzisikia.